CHUO KIKUU KILICHOPIMA HEWA YAKE

Na Bwana Shamba

Mkulima wa pamba anajua maana ya mizani. Anajua kwamba mizani mbovu humwibia jasho lake. Anajua pia kwamba mzigo usiopimwa huleta ubishi. Huyu atasema ni mzito. Yule atasema ni mwepesi. Mzigo ukitundikwa kwenye mizani ya haki, ubishi umekwisha.

Mwezi huu tutazungumza juu ya kupima kitu kisichoonekana kwa macho. Kitu hicho ni hewa zinazotoka tunapochoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, na hata hewa zinazotoka kwa ng'ombe. Watu wengi hufikiri kwamba hewa haiwezi kupimwa. Lakini inaweza. Kuna chuo kikuu kimoja hapa Afrika kilichopima hewa zake za mwaka mzima. Tutaona kilivyofanya. Tutaona pia kwa nini hesabu hiyo inatuhusu sisi wa vijijini.

BLANKETI LA DUNIA

Usiku wa baridi mtu hujifunika blanketi. Blanketi halina moto ndani yake. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoke upesi.

Dunia nayo ina blanketi lake. Blanketi hilo ni hewa. Ndani yake zimo hewa chache ambazo huzuia joto lisipotee lote angani. Hewa hizi huitwa gesijoto. Bila hizo, dunia ingekuwa baridi mno, na mazao yetu yasingeota.

Gesijoto ziko za aina nyingi. Sisi tutaje tatu:

Ya kwanza ni hewa ya ukaa. Hii hutoka tunapochoma mafuta, makaa ya mawe, gesi na kuni.

Ya pili ni methani. Hii hutoka tumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wanapocheua. Hutoka pia kwenye majaruba ya mpunga na kwenye takataka zinazooza mahali pasipo na hewa.

Ya tatu ni naitrasi oksaidi. Hii hutoka kwenye samadi, na kwenye mbolea ya chumvichumvi tunayotia shambani.

Shida si kuwa na blanketi. Shida ni kuongeza blanketi juu ya blanketi. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Charles Keeling, alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Wakati ule, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 315 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Mwaka 2024 sehemu hizo zilikuwa zimepita 420. Joto la dunia nalo limepanda kwa zaidi ya digrii 1 tangu karne ya 19.

Digrii 1 huonekana ndogo. Lakini mama anayemshika mtoto mwenye homa anajua kwamba digrii chache ni jambo kubwa.

CHUO KILICHOJIWEKA KWENYE MIZANI

Huko Afrika Kusini, katika mji wa Cape Town, kuna chuo kikuu kilicho kwenye miteremko ya Mlima Meza. Chuo hicho kinaitwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Ni chuo cha zamani. Mwanzo wake ni mwaka 1829.

Watafiti wa chuo hicho walijiuliza swali. "Sisi tunawafundisha wengine habari za hali ya hewa. Je, sisi wenyewe tunatoa kiasi gani?" Wakachukua mwaka mmoja, mwaka 2007, wakaufanyia hesabu.

Chuo kikuu kikubwa ni kama mji mdogo. Kuna mabweni, majiko, maabara, ofisi, mabasi na maelfu ya taa. Basi hesabu ya namna hii huanzia wapi? Huenda kwa hatua tatu.

HATUA YA KWANZA: WEKA MIPAKA

Huwezi kupima shamba kabla ya kujua mipaka yake. Ukisahau kona moja, ekari zako zitakuwa pungufu. Ukiingia shamba la jirani, zitakuwa za wizi.

Hesabu ya gesijoto nayo huwekewa mipaka. Mwaka 2001 ulitolewa mwongozo ambao sasa unatumiwa na makampuni na vyuo katika nchi nyingi. Mwongozo huo hugawa hewa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile vinavyochomwa na chuo chenyewe. Hapa yamo mafuta ya magari yake, dizeli ya jenereta yake na gesi ya majiko yake. Kama chuo kina ng'ombe, nao wamo.

Fungu la pili ni umeme ulionunuliwa. Taa ya umeme haitoi moshi chumbani. Lakini kama umeme ule umetoka kwenye mtambo unaochoma makaa ya mawe, moshi umetoka huko mbali kwa ajili ya taa hiyo.

Fungu la tatu ni mambo yanayofanywa na wengine kwa ajili ya chuo. Mwanafunzi anapanda basi kutoka nyumbani. Mwalimu anasafiri kwa ndege kwenda mkutanoni. Karatasi zinatengenezwa kiwandani. Takataka zinapelekwa jalalani. Hewa hizi hazitoki kwenye uwanja wa chuo, lakini chuo ndicho sababu.

HATUA YA PILI: KUSANYA STAKABADHI

Hapa ndipo wengi hushangaa. Wanadhani wapimaji hubeba chupa za kutegea moshi. Hapana. Kazi kubwa hufanywa mezani kwa daftari na kalamu.

Wapimaji huomba ankara za umeme za miezi 12. Huomba stakabadhi za dizeli, petroli na gesi. Hutazama daftari la safari za magari. Huuliza wanafunzi na wafanyakazi: "Unakuja hapa kwa nini? Kwa miguu, kwa basi au kwa gari lako? Unatoka umbali gani?"

Kwa hiyo chuo kisichotunza stakabadhi hakiwezi kupimwa sawasawa. Ni kama mkulima asiyeandika magunia aliyovuna.

HATUA YA TATU: ZIDISHA

Sasa tunazo lita, kilo na yuniti. Tunataka kilo za hewa. Wataalamu wamekwisha kupima maabara, wakapata namba za kuzidishia. Hizi ni baadhi yake:

Lita 1 ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa.

Lita 1 ya petroli hutoa karibu kilo 2.3.

Kilo 1 ya gesi ya kupikia hutoa karibu kilo 3.

Yuniti 1 ya umeme uliotoka kwenye makaa ya mawe hutoa karibu kilo 1.

Msomaji makini atauliza, "Lita moja ya dizeli haifikii uzito wa kilo moja. Inawezaje kutoa kilo 2.7?" Swali hilo ni zuri. Jibu ni hili. Ndani ya lita ile kuna karibu gramu 730 za kaboni. Kaboni ni kile kitu cheusi tunachokiona katika mkaa. Kaboni inapoungua hushikana na oksijeni iliyo katika hewa tunayovuta. Kilo 12 za kaboni hushika kilo 32 za oksijeni, zikawa kilo 44 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo moto hauli mafuta peke yake. Hula na hewa pia. Uzito unaoongezeka umetoka hewani.

Methani na naitrasi oksaidi nazo hubadilishwa ziwe katika kipimo kimoja, kama vile tunavyobadilisha debe na pishi kuwa kilo. Kilo 1 ya methani hubana joto sawa na karibu kilo 28 za hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Kilo 1 ya naitrasi oksaidi ni sawa na karibu kilo 270.

TUJARIBU WENYEWE

Tufanye hesabu ya mfano. Hiki ni chuo kidogo cha kilimo cha kubuni tu. Hakina umeme wa gridi. Kwa mwaka mmoja kimetumia:

Dizeli ya jenereta lita 2,400. Zidisha kwa 2.7. Tunapata kilo 6,480.

Petroli ya gari lita 1,500. Zidisha kwa 2.3. Tunapata kilo 3,450.

Gesi ya jikoni kilo 1,000. Zidisha kwa 3. Tunapata kilo 3,000.

Ng'ombe 20. Ng'ombe wa nyama wa Afrika hukadiriwa kutoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Zidisha 31 kwa 28, ni kilo 868. Zidisha tena kwa ng'ombe 20. Tunapata kilo 17,360.

Jumla ni kilo 30,290. Tani moja ni kilo 1,000. Basi chuo hiki kimetoa karibu tani 30.

Tazama hesabu vizuri. Kelele za jenereta ndizo zinazosikika, lakini ng'ombe ndio wanaoongoza. Bila kupima, mkuu wa chuo angenunua jenereta mpya na kudhani amemaliza kazi. Baada ya kupima, anajua kwamba lazima afikiri juu ya malisho bora, na juu ya kuuza ng'ombe wasiozaa. Ng'ombe wachache wenye maziwa mengi wana faida kuliko wengi waliokonda. Mabwana shamba wamesema hivyo siku nyingi.

CAPE TOWN WALIPATA NINI?

Turudi sasa Afrika Kusini. Watafiti walipojumlisha yote, walipata kwamba mwaka 2007 chuo chao kilitoa karibu tani 83,400. Walipogawanya kwa idadi ya wanafunzi, kila mwanafunzi aliangukiwa na tani 4.0.

Katika kila kilo 100 za hewa ile, kilo 81 hivi zilitokana na nishati iliyotumika chuoni, hasa umeme. Kilo 18 zilitokana na safari. Kilo 2 zilitokana na bidhaa na huduma nyingine. Ukijumlisha utapata 101, si 100. Hilo lisikutie wasiwasi. Kila namba ilisogezwa mpaka namba nzima iliyo karibu.

Kwa nini umeme uliongoza? Kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wa Afrika Kusini hutoka kwenye makaa ya mawe. Taa moja ya zamani ya wati 100 ikiwaka saa 10 hula yuniti 1. Hapo kilo moja hivi ya hewa ya ukaa imekwisha kutoka mtamboni, mbali na macho ya mwanafunzi.

Chuo kama hicho kikiwa Tanzania kingepata hesabu nyingine. Umeme wetu hutoka sana kwenye maji na kwenye gesi asilia. Kuna Mtera na Kidatu. Kuna bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Kuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kwa hiyo yuniti moja hapa huwa nyepesi kuliko yuniti moja ya makaa ya mawe. Hii ndiyo maana kila chuo lazima kijipime chenyewe. Huwezi kuvaa viatu vya mwenzio bila kupima mguu.

Jambo kubwa ni kwamba hesabu huonyesha pa kuanzia. Watu wengi wakisikia habari za kutunza mazingira huanza na karatasi. Wanasema, "Tuandike pande zote mbili." Hilo ni jema. Lakini pale Cape Town bidhaa na huduma zote zilikuwa kilo 2 tu katika kila 100. Ukiziondoa zote, zinabaki 98. Ukipunguza robo ya nishati, umeondoa kilo 20 kwa mkupuo mmoja. Mwenye kupima haanzi na lililo rahisi kutajwa. Huanza na lililo zito.

MIZANI INAYODANGANYA

Kama ilivyo mizani ya pamba, mizani hii nayo huweza kuchezewa. Tujue njia zake.

Njia ya kwanza ni kuacha vitu nje. Chuo kinaweza kuhesabu magari yake tu na kunyamaza juu ya umeme na ndege. Hesabu itakuwa ndogo na ya kupendeza, lakini ya uongo.

Njia ya pili ni kubadili mipaka kila mwaka. Mwaka huu wanahesabu mabweni, mwaka kesho hawayahesabu. Kisha wanatangaza kwamba wamepunguza. Dawa yake ni kuchagua mwaka mmoja wa msingi, na kupima vilevile kila mwaka.

Njia ya tatu ni kuchanganya kupunguza na kulipia. Mtu anachoma mafuta yaleyale, kisha analipa fedha ili msitu wa mahali pengine utunzwe. Halafu anasema, "Mimi sitoi kitu." Hapana. Anachotoa kiandikwe mahali pake. Alicholipia kiandikwe pembeni.

SISI TUNAHUSIKA WAPI?

Mwanakijiji anaweza kusema, "Mambo haya ni ya wenye taa nyingi." Ni kweli kwamba mzigo mkubwa si wetu. Ukichukua mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka. Kumbuka zile tani 4.0 za mwanafunzi mmoja wa Cape Town. Ni sawa na hewa ya ng'ombe kati ya wanne na watano kwa mwaka mzima. Hatumlaumu mwanafunzi huyo. Lakini haki haiwezi kudaiwa bila namba. Anayejua hesabu husema kwa ushahidi, na hasikubali kuambiwa kwamba kuni za mama mmoja ndizo zilizoharibu mvua ya dunia.

Lakini iko sababu ya pili, nayo iko mlangoni. Ile njia ya tatu tuliyoitaja, ya kulipia misitu, imefika vijijini mwetu. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe wamekuwa wakipata malipo kwa kutunza misitu yao. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji kadhaa vimepata fedha kwa njia hiyo, na vimejenga madarasa na zahanati. Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kipo kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ya ukaa.

Hapa ndipo chuo cha mjini na msitu wa kijiji hukutana kwenye mizani moja. Kule wanahesabu tani zilizotoka. Huku zinahesabiwa tani zilizotunzwa ndani ya miti.

Na hesabu ya mti si uchawi. Mpimaji hupima unene wa mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini. Kutokana na unene huo hukadiriwa uzito wa mti ukiwa mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Sasa tumia hesabu yetu ya 12 na 44. Tani 1 ya mti mkavu ina karibu nusu tani ya kaboni. Nusu tani hiyo ikiungua yote hutoa karibu tani 1.8 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo tani 4.0 za mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja zinahitaji zaidi ya tani 2 za mti mkavu, na mti huo usikatwe wala kuungua.

Basi akija mtu kijijini na mkataba wa kununua kaboni, msikimbilie kutia sahihi. Wala msimfukuze. Mkaribisheni kiti, na katika mkutano mkuu wa kijiji mumwulize haya:

Msitu wetu umepimwa na nani, na mwaka gani?

Mipaka ya hesabu ni ipi?

Kila mwaka mtasema tumetunza tani ngapi, na tani moja mtaiuza shilingi ngapi?

Katika kila shilingi 100, kijiji kinapata ngapi?

Mkataba ni wa miaka mingapi?

Msitu ukiungua, au mkitudai tumekosea, nani atapima tena?

Majibu yaandikwe. Nakala ibaki ofisi ya kijiji. Kabla ya sahihi, mpelekeeni mkataba mwanasheria wa halmashauri na ofisa misitu wa wilaya. Na vijana wa kijiji washike kamba ya kupimia pamoja na wapimaji. Mwenye mzigo ana haki ya kusoma mizani.

Ndugu wanakisomo, tulipojifunza kuzidisha na kugawanya hatukujifunza kwa ajili ya mtihani. Watafiti wa Cape Town walitumia kuzidisha kulekule, kugawanya kulekule na daftari. Kilichowapa nguvu ni kupima kwa ukweli, na kukubali kuandika namba kubwa iliyowahusu wao wenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gesijoto ni nini? Taja tatu, na useme kila moja hutoka wapi.

2. Mashine ya kusaga ya kijiji imetumia lita 300 za dizeli kwa mwaka. Imetoa kilo ngapi za hewa ya ukaa? (Jibu: kilo 810.)

3. Kwa nini umeme wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulikuwa na hewa nyingi kuliko safari?

4. Katika kijiji chenu, ni nani anayetunza stakabadhi na vipimo vya msitu? Je, kila mwanakijiji anaruhusiwa kuvisoma?